Mbuzi wa Wizi wa Pontresina

Ukishuka treni Pontresina mwezi wa Julai, macho yanakutana kwanza na vyuma. Juu ya nyumba, kwenye ubavu wa mlima uitwao Schafberg, kuna safu za vizuizi vya chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kazi yake kuishika theluji isiporomoke na kukifukia kijiji. Wakati wa baridi weupe hufunika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sasa kila kitu kiko wazi: nguzo za lifti zimesimama katikati ya malisho, mizinga ya kutengenezea theluji imefungiwa maturubai, na njia za kuteleza kwa skii zimebaki mistari mipana ya majani mafupi ambamo ng'ombe wanakula na kengele zao shingoni. Kijiji cha skii wakati wa joto ni ukumbi wa harusi asubuhi ya pili. Unaziona waya, unaviona vigingi, unajua kila taa ilining'inizwa wapi.

Nilikuja kwa dada yangu, ambaye ni nesi mjini Chur. Mumewe ni mwenyeji wa jimbo hilihili la Graubünden, na ujanani alifanya kazi Ifakara, ambako Waswisi walifungua maabara yao ya utafiti wa magonjwa ya tropiki mwaka 1957. Kiswahili chake ni cha bonde la Kilombero, hakina haraka, na akikasirika hugeukia Kijerumani. Yeye ndiye aliyenishawishi tusiende St. Moritz, mji wa matajiri ulio jirani, ule ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928 na tena 1948. "Shemeji," aliniambia, "St. Moritz utaona saa za dhahabu dirishani. Pontresina utaona mbuzi."

Kabla ya mbuzi, jambo moja la biashara. Watu wengi hudhani milima hii ilianza na skii, na kwamba wageni wa Julai ni wa kujazia vyumba. Ilikuwa kinyume chake. Katika karne ya 19 Waingereza walikuja bonde hili la Engadin wakati wa joto tu, wakanywa maji ya chemchemi, wakapanda milima, na Septemba wakarudi kwao. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwawekea wageni wake dau: waje wakati wa baridi, na wasipopata jua na raha atawalipia gharama za safari. Walikuja, wakakaa hadi msimu mwingine. Kwa hiyo sisi tuliovaa buti na kubeba fimbo ndio wageni wa asili. Wa skii wamehamia baadaye.

Tuliondoka kijijini kabla ya jua kuchomoza. Lifti ya viti inayopanda hadi Alp Languard, mita 2,330 hivi kutoka usawa wa bahari, ingetuokolea jasho la mita 500 za kupanda, lakini shemeji alikataa katakata. Lifti hufunguliwa wageni wakishakunywa chai, na saa hiyo mbuzi wameshakula, wamejilaza mahali pa baridi, na wewe unabaki kupiga picha mawe. Tukapanda kwa miguu kupitia msitu wa lachi na misonobari ya mlimani. Dada alitangulia. Mimi, niliyezoea kusikia wapagazi wa Kilimanjaro wakisema pole pole, nilishangaa Waswisi hawana neno hilo: wazee wenye mvi walitupita wakisema "Allegra", salamu ya Kiromanshi ya bonde hili, na kupotea kwenye kona.

Kitu kilichonigusa mapema ni kwamba hakuna lango. Kwetu huwezi kupanda Kilimanjaro bila kulipa kiingilio cha hifadhi na bila mwongozaji mwenye kibali. Hapa unatoka mlangoni, unafuata vibao vya njano, basi. Vibao haviandiki kilomita, vinaandika saa: Segantini saa fulani, Muottas Muragl saa fulani. Ukiona mawe yamepakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe, ujue njia imekuwa ya mlima na kuteleza kunaweza kukugharimu mguu. Rangi ikiwa bluu na nyeupe, rudi nyumbani kama huna kamba. Nchi nzima ina takriban kilomita 65,000 za njia za namna hii. Hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi, na hakuna wa kukuonyesha mnyama. Macho ni yako.

Sauti ya kwanza ilikuwa mluzi. Mmoja, mkali, wa kukata hewa. Shemeji alitazama juu badala ya chini, na kweli, tai alikuwa akizunguka juu ya ukingo wa mwamba. Mamoti, wanyama wa mashimoni wa milima hii, wakimwona adui wa angani, alinieleza, hupiga mluzi mmoja mrefu. Akiwa mbweha au mbwa, hupiga mfululizo. Na si mluzi hasa, ni kelele itokayo kooni. Tuliwaona baadaye kidogo, watatu, wamesimama wima kwenye vichuguu vyao kando ya njia ya skii, manyoya ya kahawia, meno ya rangi ya chungwa. Mtu aliyekulia karibu na miamba ya pimbi atawatambua mara moja kwa tabia: kuota jua, kuweka zamu ya ulinzi, kukimbilia shimoni. Lakini pimbi hajui kulala miezi sita. Mamoti hufanya hivyo. Ifikapo Oktoba familia nzima huingia chini, huziba mlango kwa udongo na mawe, hujikunyata pamoja, joto la mwili hushuka hadi karibu nyuzi 5, moyo hupiga mara chache kwa dakika. Juu yao watu wanateleza kwa skii, muziki unapigwa, mashine za kusawazisha theluji zinanguruma usiku kucha. Wao hawana habari. Niliposikia hivyo nikaanza kuwahusudu.

Tulipovuka mpaka wa miti, shemeji alitoa darubini na kuacha kuongea. Aliitazama safu ya vizuizi vya chuma, si miamba. Nikafuata. Chini ya kizuizi kimojawapo, kwenye kivuli chembamba cha vyuma, walikuwa wamelala madume saba wa ibeksi, mbuzi mwitu wa Alpi.

Nilitegemea mnyama wa kukimbia. Hawakukimbia. Tulisogea kwa njia, bila kuiacha, hadi tukawa umbali wa hatua arobaini hivi. Mmoja alinyanyua kichwa na pembe zake zikapita mgongo. Pembe za dume mzima hufikia mita moja, zimepinda kwenda nyuma, na upande wa mbele zina vinundu vikubwa. Mtoto wa familia iliyokuwa nyuma yetu alianza kuvihesabu vinundu kwa sauti ili ajue umri. Shemeji alimwinamia akamwonyesha kwa kidole: vinundu ni vya kupendeza tu, umri unasomwa nyuma ya pembe, kwenye mistari myembamba, kwa sababu pembe huacha kukua kila majira ya baridi, na mahali ilipokomea hubaki alama. Kwa darubini alihesabu akapata kumi na moja kwa yule mkubwa.

Manyoya ya baridi yalikuwa bado yanawatoka. Dume mmoja alisimama, akaegemea nguzo ya chuma, akajisugua ubavu kwa juhudi, na kila alipojisugua bonge la sufu ya kijivu lilidondoka na kupeperuka. Kisha akaruka. Si mbele, juu, kwenye uso wa mwamba ambao mimi nisingeuwekea hata kikombe. Kwato zake zina ukingo mgumu unaouma jiwe, na katikati kuna nyama laini inayoshika jiwe ili zisiteleze. Nilisikia tu kokoto tatu zikishuka. Dada alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamika kanisani, kwamba sisi tuna fimbo mbili, buti za bei mbaya na mafuta ya jua, na hata hapo tunahema.

Basi hawa wanyama watulivu, wanaojisugua kwenye chuma cha serikali, hawakuwapo. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni wa Pontresina anapaswa kulijua, kwa maana kila mahali pamejaa picha zao, na bendera ya jimbo lenyewe ina ibeksi mweusi. Mnyama wa bendera alikwisha kufutika Graubünden katika karne ya 17. Aliuawa kwa ajili ya nyama, lakini zaidi kwa ajili ya dawa: pembe zilisagwa, damu ilinywewa, mfupa mdogo ulio moyoni ulivaliwa hirizi. Watu waliamini kwamba mnyama anayeweza kusimama pasiposimamika lazima awe na nguvu ya kumponya binadamu. Msomaji wa Afrika Mashariki anayejua kisa cha pembe ya kifaru hahitaji maelezo zaidi.

Kufikia mwanzo wa karne ya 19 ibeksi wa Alpi nzima walikuwa wamebaki kama mia moja hivi, wote mahali pamoja: milima ya Gran Paradiso, kaskazini-magharibi ya Italia ya leo. Waliokolewa na anasa. Mwaka 1856 Vittorio Emanuele wa Pili aliifanya milima ile kuwa uwanja wake wa kuwinda, akaweka walinzi, na kuanzia hapo ni mfalme tu aliyeruhusiwa kuwapiga. Mfalme mmoja, hata akiwa mwindaji hodari, hamalizi wanyama kama vijiji ishirini. Idadi ikapanda.

Waswisi wakataka wa kwao warudi. Waliomba kwa adabu, kwa njia za kidiplomasia, na mfalme wa Italia wakati huo, Vittorio Emanuele wa Tatu, hakukubali kuuza hata mmoja. Basi wakaiba. Majangili wa bonde la Aosta, watu waliozijua njia za walinzi kuliko walinzi wenyewe, waliwakamata watoto wa ibeksi na kuwavusha mpaka. Wa kwanza walifika mwaka 1906 katika bustani ya wanyama ya Peter und Paul mjini St. Gallen, wakanyonyeshwa maziwa ya mbuzi wa kufugwa, wakakua, wakazaana. Mwaka 1911 wachache waliachiwa huru katika milima ya St. Gallen. Katika miaka ya 1920 ikafika zamu ya Graubünden: Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914 si mbali na hapa, na Piz Albris, mlima uliokuwa mbele yetu asubuhi ile. Leo kundi la Albris ni mojawapo ya makubwa kabisa katika Alpi, lina wanyama zaidi ya elfu moja.

Kwa hiyo, nilimwambia shemeji, hawa ni mali ya wizi.

"Tena wizi uliolipiwa," alijibu. "Fedha za umma ziliingia humo."

Sijasikia mtu akiona haya. Nilipofikiri, mimi pia sikuona. Lakini kuna deni lililobaki: kwa kuwa wote wametoka katika mia moja wale, na kila kundi jipya lilianzishwa na wanyama wachache tu, damu yao imefanana mno, na ugonjwa ukija hauwakuti tofauti.

Kutoka hapo njia ilitupeleka hadi kibanda cha Segantini, mita 2,731. Mchoraji Giovanni Segantini alipanda hapa Septemba 1899 kumalizia picha ya katikati ya kazi yake kuu, ile ya uhai, maumbile na kifo. Tumbo likamshika mlimani, akafia humohumo mwisho wa mwezi, na umri wake ulikuwa miaka 41. Siku hizi kibanda kinauza supu ya shayiri, bei yake nisiitaje. Ukikaa kwenye benchi unaona Engadin yote ya juu: maziwa yakifuatana, na ng'ambo Piz Bernina yenye mita 4,049, nyeupe hata Julai. Tulikuwa tumeanza kula pale kivuli kilipopita juu ya meza. Tumbusi ndevu. Mabawa yake yanakaribia mita 3 kutoka ncha hadi ncha, na kifua chake kilikuwa na rangi ya kutu. Ndege huyu anakula mifupa. Mkubwa usiomezeka huuchukua juu na kuudondosha kwenye mwamba uvunjike. Naye alifutwa katika Alpi, kwa kusingiziwa kwamba anaiba kondoo na hata watoto wachanga, naye akarudishwa, Austria mwaka 1986 na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uswisi mwaka 1991. Ethiopia bado wapo wa kutosha. Kwetu Kenya na Tanzania kumwona ni bahati nasibu, nami ilinibidi nije hadi Ulaya nimwone mara ya kwanza.

Teremko la kwenda Muottas Muragl sitalisimulia, magoti yanalikumbuka vya kutosha. Pale pana treni ya kamba inayofanya kazi tangu 1907, nayo ikatushusha tukiwa tumekaa.

Siku iliyofuata tulikwenda Morteratsch, vituo vichache kwa treni nyekundu ya Bernina. Njia ni tambarare, kina mama wanasukuma vigari vya watoto, na ndiyo njia iliyonichosha kuliko ya mlimani. Mwishoni mwa karne ya 19 barafu ilifika karibu na kituo cha treni cha leo. Tangu 1878 wanapima kila mwaka ncha yake ilipo, na kando ya njia wameweka vibao vyenye miaka. Unaanza kutembea katikati ya miti mirefu, kwa sababu hapo barafu iliondoka zamani na msitu umepata muda. Kibao kinachofuata, miti imekuwa mifupi. Kingine, vichaka. Kingine, majani yaliyoshika mchanga. Halafu mawe matupu, na kibao cha mwaka ambao mimi nilikuwa tayari nina watoto. Barafu yenyewe iko mbele zaidi, imerudi nyuma karibu kilomita 3 tangu katikati ya karne ile, imejaa vumbi, inatiririka maji ya rangi ya saruji.

Kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hatuna vibao. Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria aliyefika kileleni pamoja na Hans Meyer mwaka 1889, alitumia ujuzi wa milima hii ya Alpi kukata ngazi katika barafu kubwa iliyowazuia njia. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imetoweka. Kila mzee wa Moshi anakuambia theluji ilifika wapi alipokuwa mtoto, anaonyesha kwa mkono, na mkono ukishuka ushahidi umeisha. Vibao vile niliviona vya ukatili kidogo. Tena ningependa tuvipate.

Barafu inayoyeyuka si habari ya bondeni tu. Ndani ya Schafberg, mlima wa vizuizi, ardhi iliyoganda ndiyo iliyoshikilia mawe na kifusi. Ikilegea, vitashuka, na kijiji kiko chini yake. Ndiyo maana Pontresina ilijenga ukuta mkubwa wa kinga juu ya nyumba, uliokamilika mwaka 2003. Na huko Diavolezza, karibu mita 3,000 juu, ambako kebo huwapeleka wenye skii, wakati wa joto hutandaza vitambaa vyeupe juu ya sehemu ya barafu ili jua lisiile, wavifunue msimu ukianza. Niliviona kwa darubini, mashuka yameanikwa mlimani. Dada, ambaye kazini anatandika vitanda kila siku, alisema angependa kujua nani anayefua.

Jioni tulipitia njia ya Val Roseg, ambako ndege wadogo wenye kofia nyeusi hushuka kula karanga kiganjani mwako. Nina mashaka na desturi hiyo, ingawa nilinyoosha mkono kama wengine. Aliyenivutia hakushuka: ndege wa jamii ya kunguru mwenye madoa meupe, mtawanya mbegu. Kila msimu wa kupukutika majani huchimbia makumi ya maelfu ya mbegu za msonobari wa arve, na nyingi anazikumbuka hata chini ya theluji. Anazozisahau ndizo zinazoota. Zamani alipigwa risasi akidaiwa kuharibu msitu.

Njiani kurudi Chur nilimuuliza shemeji swali nililokuwa nalo tangu mbuzi. Tangu 1977 jimbo linaruhusu ibeksi wawindwe tena, kwa hesabu: wataalamu wanahesabu kundi, wanapanga wangapi wapunguzwe, wa jinsia gani, wa umri gani, na mwindaji huomba na kungoja miaka mingi hadi zamu imfikie. Shemeji ni mwindaji. Ameshaomba.

"Utampiga kweli, shemeji? Baada ya kumbembeleza yule mtoto na mistari ya pembe?"

"Nikipangiwa, nitampiga. Mistari nilijifunzia hukohuko kwenye kuwinda."

"Na mpishi nitakuwa mimi," dada akaingilia. "Jirani alituletea paja mwaka juzi. Nililichemsha tangu adhuhuri mpaka taarifa ya habari, jino haliingii."

Shemeji alisema nyama ile haichemshwi, inakaushwa kwa upepo. Dada akasema upepo wa Chur haujui nazi. Tulipofika Samedan kubadilisha treni walikuwa bado wanabishana, yeye kwa Kijerumani sasa.